Mvule Uliosikia Bunduki

Kwa muda mrefu, tena nikiwa mtu mzima mwenye ndevu na mke, niliamini kwamba mti ukisikia mlio wa bunduki hutoa gundi yake. Sikuamini nusu nusu. Niliamini kama ninavyoamini kwamba Ijumaa hufuata Alhamisi. Habari yenyewe ilikuwa hivi: ng'ambo ya ziwa, kwenye vita, mivule ilikuwa inasikia risasi kutwa kucha, inaogopa, inatoka jasho, na jasho lile ndilo gundi inayoushika mti usiachane. Ubao uliopasuliwa kwenye mvule wa namna hiyo huonekana mzima kwa macho, lakini ukiutia majini unaanza kutengana na mwenzake taratibu, kama mke aliyechoka.

Ushahidi ulikuwepo. Mitumbwi iliyowavusha wakimbizi ilikuwa imevutwa juu ya mchanga karibu na Katonga na kuzuiliwa hapo na wakubwa mpaka mambo ya wenyewe yatulie. Ilikaa msimu baada ya msimu. Mtu ukipita unaona maungio ya mbao yameachama. Mimi mwenyewe niliona nafasi ambayo paka angepita. Labda panya. Basi, tuseme kidole, lakini kidole cha mtu mzima.

Miaka ile wageni walikuwa wengi Kigoma hata ukimsalimia mmoja sokoni unaitikiwa na arobaini. Kila kitu kilichoharibika kilikuwa na maelezo yanayoanzia ng'ambo. Kuku akigoma kutaga, ni baruti. Mbao zikiachama, ni bunduki. Hatukuwa na chuki, ila tulikuwa na maelezo ya kutosha.

Kati ya mitumbwi ile kulikuwa na mmoja wa mama mmoja wa Fizi, huko ng'ambo kwenye vita, aliyekuwa akiishi Katonga kwa shemeji zake waliohamia upande wetu zamani. Mumewe alibaki ng'ambo na hakukuwa na habari zake. Mtumbwi uliundwa na baba mkwe wake, mbao za mvule mtupu, mrefu, na siku ile wakubwa walipomrudishia aliuzunguka akiugusa ubavuni kama mtu anayekagua ng'ombe aliyepotea akarudi. Alitaka jambo moja tu: apate wavuvi wa kuutumia, wagawane dagaa, ale bila kuomba.

Jambo hilo lilikuwa na muda wake. Huku kwetu dagaa huvuliwa kwenye giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hupumzika, hushona nyavu, na ndipo nahodha na mwenye chombo huafikiana. Giza likiingia kila mtu ameshajua anapanda wapi. Ambaye chombo chake hakina watu siku hiyo, hukaa mwezi mzima akitazama taa za wenzake. Na huyu mama hakuwa na mwezi mzima. Shemeji zake walikuwa wamekwisha kuzungumza na mkausha samaki mmoja aliyeutaka mtumbwi ule kwa kuni. Walimwambia, kwa upole, kwamba giza likiingia bila wavuvi, mtumbwi upasuliwe.

Mimi nilikuwa mchemsha sabuni, Ujiji. Mawese yakishuka kutoka vijijini nayachemsha na kostiki, yale magadi makali ya kopo, napata mche wa sabuni wa rangi ya tofali ambao, bila kujisifu, uliweza kumtakatisha fundi gereji mpaka mama yake asimtambue. Jioni nilikwenda Rusimbi kusoma elimu ya watu wazima. Darasa lilikuwa la kuazima, madawati ya watoto, magoti yangu yakigusana na kidevu.

Kwenye dawati langu alikaa nahodha mmoja, mzaliwa wa Ujiji kama mimi, mtu mkavu, mikono kama makasia. Chombo alichokuwa akikiongoza kilikuwa kimeuzwa, kwa hiyo alikuwa na vijana wa kuvua na hakuwa na pa kuwapandisha. Mtumbwi wa mama wa Fizi ulimfaa kama kofia ya kushonewa. Alikuwa ameuendea, ameutazama, amerudi.

"Sina ugomvi na wakimbizi," aliniambia. "Nina ugomvi na mbao zao."

"Bunduki," nikasema.

"Bunduki," akakubali.

Mwalimu wetu wa kemia alikuwa mwanamke wa Kalinzi, binti wa wakulima wa kahawa, aliyesoma chuo kikuu na huko akashughulika na kemia ya mbao. Mchana alifundisha watoto, jioni alitufundisha sisi. Hakupenda maneno mengi. Mimi nilikuwa nayo ya kutosha darasa zima, kwa hiyo tulikamilishana. Siku moja akauliza nani ana swali. Nikasimama, nikaliuliza lile la mivule na bunduki, na nusu ya darasa wakatikisa vichwa kwamba hata wao walitaka kujua.

Hakucheka. Alifuta ubao, akasema, "Gundi ya mti ina jina. Inaitwa lignini. Tuanze na hiyo. Bunduki tutaifikia."

Akatuuliza nani amejenga nyumba ya miti na udongo. Wote tulikuwa tumejenga. Akasema ndani ya mti mnafanana na nyumba hiyo. Fito zake ni selulosi, nyuzi ndefu zilizopangwa chembe kwa chembe kama tasbihi. Udongo uliokandikwa katikati ya fito, ule unaozifanya zisimame na zisiyumbe, ndio lignini. Kisha akachora pete yenye pembe sita, kila pembe kaboni moja, na mkia wa kaboni tatu ukining'inia. Pembeni mwa pete akachora kikonyo kidogo, oksijeni iliyobeba kaboni. Pete nyingine akaichorea vikonyo viwili.

"Mvule, na miti mingi ya majani mapana, ina hizi mbili," alisema. "Ya kikonyo kimoja na ya vikonyo viwili. Msonobari una hii ya kimoja karibu peke yake. Kikonyo kinakalia nafasi ambayo pete nyingine ingeshika. Kwa hiyo hii ya viwili ina mikono michache ya kuwashika wenzake."

"Zinashikana kwa mpango gani?" akauliza nahodha.

"Hazina mpango. Hapa kwa oksijeni, pale kaboni kwa kaboni, pengine pete kwa mkia, pengine mkia kwa mkia. Tasbihi ukijua punje chache unazijua zote. Lignini ukizijua pete chache, hujui inayofuata imeshika wapi."

"Kama wavu ulioshonwa na watu wengi, kila mmoja na fundo lake."

Mwalimu alimtazama. "Kesho kaa dawati la mbele," akasema. Kwake yeye hiyo ilikuwa sifa kubwa, na mimi nilibaki dawati la nyuma peke yangu na magoti yangu.

Nikauliza molekuli moja ya kitu hicho ina ukubwa gani. Akasema ikiwa ndani ya mti hakuna anayejua inaishia wapi, maana kila pete imeshika nyingine. Ili uipime lazima uitoe, na kuitoa ni kuikata. Unachopima ni vipande ulivyovikata mwenyewe. Asubuhi yake niliwatangazia wateja wangu kwamba mvule mzima, kuanzia mzizi hadi jani la mwisho, ni molekuli moja tu, na kwamba mtu anayeangusha mvule ameangusha kitu kikubwa kuliko vyote katika kemia. Mwalimu hakusema hivyo. Lakini alikaribia.

Kuhusu bunduki akatupa kazi. Tulete vibanzi vya mtumbwi wa mama yule, na vibanzi vya ubao wa mvule wa upande wetu, mti ambao haukuwahi kusikia risasi.

Nilikwenda Katonga na nahodha na tezo ndogo. Mama alikuwa ameketi kivulini mwa mtumbwi wake akichambua dagaa wa watu.

"Shikamoo, mama," nahodha alisema, ingawa walikaribiana umri. Alitaka kukata chombo cha mtu, adabu ilimpanda.

"Marahaba, papa," aliitikia, maana kwao baba huitwa papa. "Umeleta wavuvi?"

"Nimeleta tezo."

Akaweka dagaa chini. "Wale wengine wanaleta shoka. Wewe una huruma kidogo."

Tulimweleza habari ya lignini. Niliieleza mimi, na nadhani niliieleza vizuri mno, kwa sababu mwishoni aliniuliza kama ni dawa ya kunywa. Nahodha akamwambia kwa ufupi kwamba tunataka kujua kama mbao zake bado zina nguvu.

"Kata," alisema. "Kwa ndani, upande wa tezi, huku nyuma. Lakini usiniachie tundu, papa. Tundu nitakuwa nimeletewa na shule."

Kazi ya darasani niliiona kama harusi. Kwanza Mwalimu alituagiza tuvisage vibanzi viwe vumbi, tuvioshe kwa spiriti na maji ya moto, maana mvule una mafuta na rangi zake ambazo si lignini na zingetudanganya. Halafu ikawa zamu yangu. Kostiki yangu, sufuria zangu, moto wangu. Alipima vumbi sawa kwa sawa, akatia kila moja kwenye sufuria yake, tukachemsha nje ya darasa tangu alasiri. Kostiki, alitueleza, hukata vile vifundo vya oksijeni, vipande vinaachia, vinayeyuka. Maji yakawa meusi kama kahawa ya kwao Kalinzi. Harufu yake ilikuwa kitu cha peke yake. Ninaapa, mbuzi wa Rusimbi nzima walihama, na mpaka leo sijasikia kama wamerudi wote.

Tulipochuja na kupoza, akadondoshea tindikali ya betri, kidogo kidogo, amefunga kitambaa usoni na sisi tumefukuzwa hadi ukutani. Kutoka kwenye ule weusi yakaanza kushuka machicha ya kahawia, laini kama unga wa kakao. Hiyo ndiyo lignini. Nilikuwa nimechemsha mawese nusu ya maisha yangu na sikuwahi kuona gundi ya mti ikikaa chini ya bilauri. Tuliikausha, na tukaazima mizani ya sonara wa Ujiji, kwa sababu mizani yangu ya sabuni ilikuwa na tabia zake.

Unga wa mtumbwi na unga wa ubao wa kwetu ukawa uzito mmoja, au karibu sana hata sonara mwenyewe akasema angekuwa anauza dhahabu asingebishana.

Nilisimama kushangilia. Nahodha hakusimama.

"Mwalimu," alisema, "nyumba ikianguka, ukizoa kifusi chake ukapima, uzito si ule ule?"

"Ndiyo," alisema Mwalimu.

"Basi gundi ipo. Sikatai ipo. Lakini labda bunduki imeivunjavunja. Imebaki kifusi."

Nilimwona Mwalimu akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze. Alisema hilo ndilo swali lenyewe, kwamba wingi ni jambo moja na ukubwa wa molekuli ni jambo jingine. Chuo kikuu, alisema, walikuwa na bomba la kioo lililojazwa punje ndogo zenye matundu. Ukimimina lignini iliyoyeyushwa, vipande vikubwa hutoka kwanza, vidogo hutoka mwisho.

"Kinyume," nikasema. "Vidogo ndivyo vyepesi."

"Wewe ukienda sokoni na mtoto, nani anafika kwanza?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Yeye anaingia kila duka."

"Basi. Vidogo vinaingia kila tundu. Vikubwa haviwezi kuingia, vinapita njia kuu."

Bomba hatukuwa nalo. Tulikuwa na bucha. Mwalimu aliagiza utumbo wa mbuzi, mpya, uliokwanguliwa vizuri ukabaki ngozi nyembamba. Alisema ngozi hiyo ina vijitundu ambavyo vipande vidogo hupenya na vikubwa haviwezi. Aliyeyusha unga wa mtumbwi katika maji yenye kostiki kidogo tu, akamimina ndani ya kipande cha utumbo, akafunga ncha kwa uzi, akauning'iniza ndani ya bilauri ya maji yenye kostiki kiasi kile kile. Akafanya vivyo hivyo kwa unga wa ubao wetu. Kisha akafanya wa tatu. Huu ulikuwa wa mvule wetu uleule, lakini aliniagiza niuchemshe tena na kostiki nyingi kutwa nzima, makusudi, ili uvunjike kabisa.

"Huu ndio kifusi," alimwambia nahodha. "Ukiona maji ya mtumbwi yanafanana na haya, umeshinda. Peleka kuni."

Tuliziacha bilauri tatu juu ya kabati, watoto wa mchana wakaonywa wasiziguse. Walizigusa kwa macho tu, nadhani, maana zilikuwa bado na maji. Jioni iliyofuata karabai ikawashwa na bilauri zikasogezwa mbele yake. Ya kifusi ilikuwa imekolea, rangi ya chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Ya ubao wetu ilikuwa na umanjano kidogo. Ya mtumbwi ilikuwa na umanjano kidogo uleule. Nahodha alizibadilisha nafasi, akazichungulia moja moja, akamwita muuza dagaa wa dawati la tatu aje azitazame bila kuambiwa ipi ni ipi. Muuza dagaa alitenga kifusi mara moja, na mbili zilizobaki akasema ni pacha.

"Vipande vyake ni vikubwa kama vya kwetu," Mwalimu alisema. "Kostiki imevikata sawa pande zote. Siwezi kukwambia zaidi ya hapo."

"Inatosha," akasema nahodha.

Mbalamwezi ilikuwa inachelewa kutoka, giza lilikuwa mlangoni. Kesho yake alikwenda Katonga na vijana wake, akaafikiana na mama mbele ya shemeji zake. Mimi nilifunga sabuni nikaenda kushuhudia. Mwalimu naye alikuja, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kwa kuwa alitaka dagaa wa kupeleka kwao. Alifika amechelewa, kikapu mkononi, wakati mtumbwi umeshasukumwa majini.

Ulikuwa unajaa. Maji yaliingia kwenye kila ungio, si kwa kuvuja, kwa kuingia kama wenyeji. Vijana walikuwa ndani wakikomba kwa makopo na maji yakiwapita. Mkausha samaki alikuwa amesimama pembeni, na alikuwa amekuja na shoka. Watu wa ufukweni walisema lile neno, gundi, kwanza chinichini. Nahodha alinigeukia.

"Pacha," alisema. Hilo tu.

Mimi imani yangu yote ya zamani ilirudi kwa mkupuo. Niliona utumbo wa mbuzi umetudanganya. Mama alikuwa amesimama hadi magotini, ameshika ukingo wa mtumbwi wake kwa mikono miwili, kana kwamba angeweza kuuinua.

Mwalimu alivua viatu, akaingia majini na kikapu chake. Akapitisha kidole kwenye ungio moja, halafu jingine.

"Ulikaa wapi?" alimwuliza mama.

"Pale mchangani."

"Juani?"

"Juani. Tangu masika ya mwaka ule tuliofika, mpaka walipourudisha juzi."

"Na hii ya kwenu," Mwalimu alimwuliza nahodha, akionyesha mitumbwi mingine, "hukaa nchi kavu muda gani?"

"Mbalamwezi tu. Halafu inarudi."

Mwalimu alitoa kidole chake. "Uzamisheni," alisema. "Tieni mawe, uzame hapa kwenye kina kifupi, uache ukae. Msiupande kwanza."

Nahodha aliuzamisha, nadhani zaidi kwa kuwa hakutaka kumbishia mwanamke aliyemweka dawati la mbele. Mkausha samaki alisema atarudi. Kwa siku kadhaa mtumbwi ulikaa chini ya maji ya Katonga kama kiboko mvivu, mama akiwa ameketi mkabala nao akichambua dagaa wa watu. Giza likaingia. Siku ileile ya kwanza ya giza, vijana waliondoa mawe, wakakomba, wakangoja. Maungio yalikuwa yamefumba. Palitoka unyevunyevu tu kwenye ubao mmoja karibu na tezi, pale tulipokata vibanzi, na mama alipaonyesha kwa kidole. Nahodha alisokota pamba, akapaziba, akapanda. Saa za jioni walipakia taa na nyavu wakasukuma. Shemeji zake mama walisaidia kusukuma.

Nilisimama na Mwalimu, aliyerudi kuchukua dagaa wake. Nilikuwa nimekwisha kupata maelezo mapya, nami nikampa bila kuombwa. Nilisema sasa nimeelewa: gundi iliyotishwa na bunduki ilikuwa imejificha ndani ndani ya mbao, na ziwa, kwa kuwa ni ziwa la amani upande wetu, limeituliza na kuirudisha mahali pake. Nilisema nitawaeleza watu wote Ujiji.

Alikuwa akipanga dagaa kikapuni.

"Usiwaeleze hivyo," alisema. "Gundi haikwenda popote. Ubao ulikaa juani ukakauka, ukanywea. Umekunywa maji, umetuna. Mliniletea vibanzi mfukoni mkaniuliza habari za gundi, nikapima gundi. Mngeniambia ulikaa juani, tusingemchinja mbuzi. Na mti hauna masikio."